Kazi ya utafiti wa sumaku: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Mombasa

Mimi ni mwanafizikia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikichunguza vitu vyenye usumaku, kwanza ughaibuni nilikosomea uzamivu, kisha hapa Mombasa. Maswali haya nayapata kwa wanafunzi wa sekondari, kwa wazazi wao, kwa mafundi wanaosuka mota, na kwa majirani tunaokaa nao barazani baada ya Isha. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha kazi. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Sumaku si jambo la shule ya msingi? Limebaki nini la kutafiti?

Shuleni tulifundishwa kwamba sumaku ina ncha mbili na kwamba huvuta chuma. Hatukufundishwa kwa nini. Swali hilo liliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka mia tatu tangu William Gilbert alipotoa kitabu chake kikubwa juu ya sumaku mwaka 1600. Mwaka 1911 kijana wa Denmark, Niels Bohr, alionyesha katika tasnifu yake ya uzamivu kwamba fizikia ya kale, ya Newton na waliomfuata, haina nafasi ya sumaku hata kidogo: ukipiga hesabu zake sawasawa, usumaku wote hujifuta ukabaki sifuri. Miaka michache baadaye Hendrika van Leeuwen wa Uholanzi alifikia jibu hilohilo kwa njia yake mwenyewe. Kwa hiyo sumaku iliyobandikwa kwenye mlango wa friji yako ni ushahidi kwamba fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kabisa kama atomi na elektroni, ni ya kweli. Hakuna njia nyingine ya kuieleza.

Kila elektroni ina sifa iitwayo spini, inayoifanya iwe sumaku ndogo mno. Katika vitu vingi elektroni hukaa mbili mbili zikielekeana kinyume, nguvu zao zikaishia hapo. Katika chuma zipo zisizo na mwenzake, na kanuni za kwanta huzifanya jirani na jirani zipende kuelekea upande mmoja. Werner Heisenberg alieleza sababu yake mwaka 1928. Lakini mbona basi msumari wa dukani hauvuti msumari mwenzake? Pierre Weiss alikuwa ameshatoa jibu mwaka 1907. Ndani ya chuma mna mitaa, kama mitaa ya mji. Watu wa mtaa mmoja wote wanatazama Kilindini, wa mtaa wa pili wanatazama Nyali, wa tatu Likoni. Ukiwajumlisha mji mzima, hakuna upande uliozidi. Ukiupitisha msumari kwenye sumaku mara kadhaa, mtaa mmoja hupanuka na kuimeza mingine.

Kisha kuna joto. Kila sumaku ina halijoto yake ambayo ikivukwa, mpangilio huvunjika. Kwa chuma ni nyuzi 770 za Selsiasi, kwa nikeli karibu 358. Tunaiita halijoto ya Curie, kwa jina la Pierre Curie aliyeichunguza kwa makini katika tasnifu yake ya mwaka 1895. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni metali iitwayo gadolini, ambayo mpaka wake uko karibu nyuzi 20. Weka kipande chake mezani Mombasa mchana wa Machi, sumaku ya kawaida haitakishika. Kitie kwenye friji dakika kumi, kitoe, kitaruka na kunata. Kipande hichohicho kikiwa Limuru, kwenye baridi ya nyanda za juu, alfajiri ni sumaku bila msaada wa friji. Nimewaonyesha jambo hili wanafunzi miaka yote hii, na bado kila mara nasimama kulitazama pamoja nao.

Kilichobaki kutafitiwa ni kingi. Kuna fuwele (vitu ambavyo atomi zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia) ambazo spini zake hujipanga kwa kujiviringa kama ngazi ya mnara. Kuna nyingine ambazo hazitulii hata ukizipoza karibu na sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa. Na kuna swali la kazi ya mikono: tutengeneze vipi sumaku yenye nguvu bila madini ya gharama?

Unafanya nini hasa kutwa nzima?

Watu hunidhania nimesimama mbele ya ubao uliojaa hesabu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kutengeneza sampuli. Napima oksidi, yaani unga wa metali zilizoungana na oksijeni, kwenye mizani, nazisaga pamoja kwenye kinu kidogo cha mawe kwa saa nzima, nazishindilia ziwe kidonge, natia kwenye tanuri la nyuzi 1,200 usiku kucha. Asubuhi nakitoa, nakivunja, nasaga tena, narudisha. Mara tatu, mara nne. Halafu eksirei hunionyesha kama fuwele niliyoikusudia imepatikana au nimepata mchanganyiko wa vitu viwili. Mara nyingi ni mchanganyiko.

Sampuli ikisafika, ndipo vipimo huanza. Chombo tunachokitegemea sana hufanya kazi kwa kanuni ileile ya jenereta: sampuli hutikiswa juu chini karibu na koili za waya, usumaku wake unapotikisika huzalisha umeme kidogo sana kwenye koili, na umeme huo ndio hutuambia usumaku ni kiasi gani. Simon Foner wa Marekani alikiunda miaka ya 1950, na mpaka leo kiko katika maabara za sumaku ulimwenguni kote. Vipimo hudumu siku moja au mbili. Kuvitilia shaka hudumu wiki.

Kosa gani hutokea zaidi katika kazi hii?

Uchafu wa chuma, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu anayelielewa jibu hili ameielewa kazi yenyewe.

Vyombo vyetu vina hisia kali mno. Chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho inatosha kuifanya sampuli isiyo na usumaku ionekane sumaku. Mwaka 2001 kundi la wanasayansi lilitangaza katika jarida maarufu kwamba limepata sumaku ya kaboni tupu, tena inayobaki sumaku mpaka karibu kelvini 500, yaani nyuzi 227 hivi za Selsiasi. Dunia ya fizikia ilitikisika, maana kaboni haikutarajiwa hivyo. Baadaye ikabainika kwamba sampuli zilikuwa na chuma, na kwamba halijoto ile ilikaribiana na ya kiwanja cha chuma na kaboni kinachojulikana miaka mingi. Mwaka 2006 makala iliondolewa na wengi wa waandishi wake. Hadithi ya pili ni ya oksidi ya metali iitwayo hafni. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba utando wake mwembamba ni sumaku. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha kwamba ukiushika utando safi kwa kibano cha chuma kisichoshika kutu, unapata usumaku wa namna hiyohiyo. Kibano tu!

Nami yalinipata. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu nilipata ishara nzuri, ndogo lakini ya wazi, katika oksidi ambayo nadharia ilisema haina kitu. Kwa wiki mbili sikulala vizuri kwa furaha. Nilishaanza kuandika makala. Msimamizi wangu hakunikatisha tamaa. Aliniambia tu nitengeneze sampuli nyingine, safari hii nitumie kibano cha plastiki tangu mwanzo mpaka mwisho. Ishara haikuonekana. Nililia, nakiri, na siku ya pili nikaanza upya.

Hapa Mombasa hatari ni kubwa zaidi kuliko kule nilikosomea. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huamsha kutu, na kutu ya madirisha, ya feni, ya bawaba za milango huwa vumbi. Vumbi la barabarani nalo lina chembe za magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku. Ndiyo maana katika chumba changu hakuna kibano cha chuma, kabati ni za mbao na plastiki, na kila anayeingia huvua viatu mlangoni, kama anavyovua akiingia nyumba ya mtu. Kila sampuli huenda na pacha wake mtupu: kifuko kilekile, gundi ileile, mikono ileile, bila sampuli yenyewe ndani. Pacha akionyesha usumaku, kazi nzima inasimama.

Utafiti huu unamfaa nini mtu wa kawaida?

Tazama nyumbani kwako. Feni, spika ya redio, mota ya pampu ya maji, transfoma iliyo juu ya nguzo ya mtaa wenu: vyote ni kazi ya vitu vya sumaku. Pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana mjini zinategemea sumaku za neodimi, moja ya metali ziitwazo adimu.

Sumaku hizo zina historia inayotugusa. Kabla yake, sumaku bora zilikuwa za metali mbili, samari na kobalti, na kobalti nyingi ilitoka Zaire (Kongo ya leo), katika jimbo la Shaba, yaani Katanga, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Mwaka 1978 vita vilipoingia Shaba, bei ya kobalti ilipanda vibaya, na makampuni yakatafuta sumaku isiyohitaji kobalti. Masato Sagawa nchini Japani na John Croat nchini Marekani, kila mmoja kivyake na kwa njia tofauti, wakafika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye kiwanja kimoja: atomi 2 za neodimi, 14 za chuma, 1 ya boroni. Chuma, kitu cha bei nafuu, ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya nguvu yake. Udhaifu wake ni joto. Aina ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80 hivi, ndiyo maana za ndani ya mota za magari huongezwa disprosi, metali ghali na adimu zaidi. Namna ya kuipunguza disprosi hiyo ni utafiti unaoendelea hadi leo.

Lakini siwadanganyi vijana kwamba kila utafiti huzaa kifaa. Louis Néel, Mfaransa aliyegundua aina ya usumaku ambayo jirani na jirani huelekea kinyume, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1970 alisema katika hotuba yake kwamba vitu hivyo vinavutia sana kinadharia ila havionekani kuwa na matumizi. Alikuwa mkweli kwa alichokijua. Mwaka 1988 Albert Fert na Peter Grünberg, kila mmoja na kundi lake, walipanga matabaka membamba ya chuma na kromi wakaona ukinzani wa umeme ukishuka sana uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu yake, unapowekwa. Kabla ya muongo uliofuata kwisha, ugunduzi huo ulikuwa ndani ya visomeo vya diski za kompyuta, pamoja na tabaka la vitu vilevile vya Néel. Fert na Grünberg walipata Nobel mwaka 2007.

Mimi binafsi ninachokitamani ni upoaji wa sumaku. Ukiisogeza gadolini kwenye uga mkali, hupata joto, ukiiondoa, hupoa. Mwaka 1976 Gerald Brown wa Marekani alionyesha kwamba jambo hilo linaweza kutumika kupoza karibu na halijoto ya chumba, bila gesi ya friji. Kwa mji ambao mvuvi hupoteza samaki kwa kukosa barafu, hili si jambo la anasa. Bado ni ghali na linahitaji sumaku nzito. Ndiyo kazi.

Ni kweli Kwale kuna madini ya sumaku?

Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni mchanga mzito wenye titani. Mgodi wa Kwale ulisafirisha ilmeniti, rutili na zirkoni kupitia Likoni tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Ilmeniti huvutwa kidogo na sumaku kali ilhali rutili na zirkoni hazivutwi, na tofauti hiyo ndiyo hutumika kuzitenganisha. Ukienda Mambrui ukapitisha sumaku ndani ya karatasi juu ya mchanga mweusi wa ufuoni, chembe zitakazorukia kwa nguvu ni magnetiti. Ilmeniti itabaki pale chini mpaka upate sumaku ya neodimi.

Cha pili ni kilima cha Mrima. Huko kuna naiobi na metali adimu za jamii ya neodimi, ndani ya mwamba wa asili ya volkano ya kale. Hayo si sumaku yakiwa ardhini. Ni malighafi ambayo ingepita hatua nyingi, nyingine zenye kemikali chafu, kabla ya kuwa sumaku. Na Mrima ni kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo. Mimi nafanya kazi na neodimi na najua thamani yake, lakini sikubaliani na wanaozungumzia kilima kile kana kwamba hakina wenyewe.

Utafiti wa namna hii unawezekanaje bila mashine kubwa?

Kuna njia tatu, na mimi nimezitumia zote.

Ya kwanza ni kutengeneza sampuli hapa na kuzipeleka kwenye mashine za wengine. Vituo vikubwa vya nyutroni, chembe zinazopatikana ndani ya kiini cha atomi, kama kile cha Grenoble nchini Ufaransa, hupokea maombi kutoka kwa watafiti, na ombi lililokubaliwa kwa sifa za kisayansi hupewa saa za mashine bila malipo mradi matokeo yachapishwe. Nyutroni zina uzuri wake: nazo ni sumaku ndogo, kwa hiyo zikipita ndani ya fuwele huona spini zimeelekea wapi. Mwaka 1949 Clifford Shull na J. Samuel Smart waliitumia njia hiyo kuthibitisha mawazo ya Néel katika oksidi ya manganizi.

Ya pili ni kompyuta. Programu za kukokotoa tabia za elektroni katika vitu, nyingine za bure kabisa, zinaweza kuendeshwa na mwanafunzi mwenye bidii kwenye kompyuta ya kawaida kwa fuwele ndogo. Kuna shule ya mafunzo ya Kiafrika ya fani hii ambayo mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, na kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste nchini Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, huchukua vijana kutoka nchi zetu kwa ufadhili.

Ya tatu ni kuchagua maswali yanayojibika kwa ulicho nacho. Heliamu ya kimiminika, ya nyuzi 269 chini ya sifuri, ni vigumu kuiweka hapa. Naitrojeni ya kimiminika, ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hupatikana kwa urahisi zaidi. Basi nachagua vitu vinavyobadilika juu ya hapo. Umeme nao hukatika, na tanuri likizimika usiku wa manane, kidonge cha siku tatu kimekwenda. Niliacha kulalamika siku nilipofunga betri.

Mwanangu asome nini?

Hisabati kabla ya yote, kisha fizikia, kisha kemia. Kemia wengi huisahau, nao ndio hujuta mbele ya tanuri. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi vyote vinafundisha fizikia, kwa hiyo si lazima aanze kwa kuhama nyumbani. Shahada ya kwanza ni miaka minne, uzamili miwili kwa kawaida, uzamivu mitatu hadi mitano. Na ajifunze kuandika programu tangu mwaka wa kwanza.

Na atakula nini, mwalimu?

Mama mmoja wa Kisauni aliniuliza hivi huku amenishika mkono, na nikamjibu kama ninavyojibu hapa. Bi mkubwa, si njia ya utajiri, na miaka ya uzamivu ni ya posho. Nafasi za utafiti pekee ni chache Kenya. Wengi wetu tunafundisha na kutafiti pamoja. Lakini aliyezoea kupima kwa makini hakosi pa kwenda. Wanafunzi wangu wa zamani wako kwenye umeme, kwenye vipimo na viwango, kwenye mashine za hospitali, kwenye takwimu za mabenki. Wawili tu ndio waliobaki na sumaku. Asiingie kama hapendi kurudia jambo moja mara ishirini.

Kazi hii ni ya wanaume?

Hapana. Nimeshamtaja van Leeuwen. Na Marie Curie, kabla ya redio­aktivu iliyomletea jina, kazi yake ya kwanza ya kisayansi ya kulipwa ilikuwa kupima usumaku wa vyuma vya pua, mwaka 1894 mjini Paris. Alikuwa anatafuta pa kuweka vyombo vyake ndipo akajulishwa kwa Pierre, mtu wa sumaku. Msichana akitaka, wazazi wampe tu nafasi ya kubaki maabara mpaka vipimo vimalizike, na sisi tumhakikishie usafiri wa kurudi.

Bangili za sumaku zinatibu?

Hazitibu. Wanaoziuza husema zinavuta chuma kilichomo kwenye damu. Chuma cha damu kimefungwa ndani ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni, hakina mpangilio wa spini kama msumari. Linus Pauling na Charles Coryell walipima mwaka 1936: damu yenye oksijeni husukumwa kidogo sana na sumaku, isiyo na oksijeni huvutwa kidogo sana. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili hospitalini, ina uga wa tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), mara nyingi kuliko bangili yoyote, na damu ya mgonjwa huendelea kuzunguka kama kawaida. Tafadhali usiache dawa za presha au sukari kwa ajili ya bangili.

Hatari ya kweli ni kwa watoto. Vishanga vya neodimi vikimezwa viwili, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ikitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, usingoje dalili.

Unaandika kwa lugha gani?

Makala ni kwa Kiingereza, maana ndiyo yanayosomwa na wenzangu wa fani. Daftari la maabara ni kwa Kiswahili. Nilianza hivyo kwa uvivu, kisha nikagundua kwamba jambo nisiloweza kulieleza kwa lugha ya mama yangu, kwa kawaida sijalielewa.

Tunaweza kuja kuona maabara?

Karibuni. Njooni asubuhi, makundi ya wanafunzi wasiozidi kumi, na mwalimu wao awepo. Simu, saa na kadi za benki zinabaki kwenye kikapu mlangoni, kwa usalama wa vitu vyenu na wa vipimo vyangu. Mwenye kifaa cha moyo asiingie chumba cha ndani. Viatu mnajua. Gadolini itakuwa imeshawekwa kwenye friji.